Baba Uliyezipa Alama za Hesabu Majina Yetu

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke na donge moyoni. Hatujaja kulia. Tumekuletea habari.

Wanaosoma hapa wajue ulikuwa nani. Miaka ishirini na mbili ulipanga vitabu vya hesabu kwa kompyuta, kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, dirisha likitazama ukuta. Alama zilizokuja na mfumo hazikukuridhisha. Kwenye karatasi rahisi paa la kipeuo, ule mstari unaoifunika namba kwa juu, lilikatika, na kile kimstari cha chini cha "ndogo kuliko au sawa na" kilimezwa na wino, mtoto akakosa swali bila hatia yake. Ukakaa ukachora zako, moja moja, ukaziandikia amri kwenye faili moja. Kila amri ukaipa jina la mtu wa nyumbani; jina hilo likiandikwa kitabuni, kompyuta inachora alama yake.

Ulikuwa ukirudi unavua viatu mlangoni, unamwambia dada yako, "Leo nimekunenepesha kidogo, ulikuwa huonekani." Shangazi ananuna, halafu anacheka.

Ulikuwa mpole, Baba, na upole wako ndio uliomfanya mkuu wa chumba, yule uliyempachika jina la Suti, akuone wa kuchezea. Alifuta jina lako juu ya faili, akaweka lake, akapokea sifa mbele ya mwenye kiwanda. Ulipomuuliza alikujibu, "Mzee, alama ni alama tu, zina mwenyewe?" Siku hiyo ulirudi hukula. Miezi mitatu baadaye tukakuzika. Hatujamsamehe, na wala hatuna mpango huo.

Sasa sikia. Mwezi uliopita tulikwenda kwa mwenye kiwanda kudai jina lako. Suti akatuuliza ushahidi uko wapi. Mama hakupandisha sauti.

"Fungua faili, bwana. Mwambie mkubwa wako kwa nini kipeuo kinaitwa shangazi."

Akafungua. Kumbe tangu aibe hakuwahi kushuka chini ya mstari wa kwanza. Akasema eti ni majina ya kubahatisha.

Shangazi akainuka. "Walipokosa pa kuishi, wote hawa walilala chini ya paa langu. Shangazi ni mimi."

Suti alilowa jasho mpaka kwenye tai. Tulifurahi, tusidanganye watu. Jina lako limerudi juu ya faili, na toleo jipya litalibeba kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwenye kiwanda alitaka kumfukuza. Mama akakataa. "Abaki," alisema. "Afanye kazi." Maana Suti hawezi kutufuta, Baba; baada ya siku ile alijaribu, akashindwa. Vitabu vyote vinaita majina yetu. Ukiyaondoa, alama zinatoweka na maswali yanabaki mapengo. Kwa hiyo kila asubuhi anaketi kwenye kiti chako na kutuandika, mmoja mmoja, kwa kidole chake mwenyewe. Amebakiza miaka tisa kustaafu. Tumeuliza.

Tunaokukumbuka ndio hao hao anaowaita: mkeo, aliye alama ya jumla; dada yako, aliye kipeuo; mimi binti yako mkubwa, niliye mabano; na kitindamimba wako, aliye "ndogo kuliko au sawa na".

Hatutakusahau kamwe, Baba. Naye hatutampa nafasi ya kukusahau.