Mwiko Haushikwangi Kabla ya Sufuria

Kukhu, nyanya yangu,

Cheka kwanza, halafu nikueleze. Ile kazi yangu uliyokuwa ukiiita kukodolea kioo macho imezaa matunda. Baada ya kukuzika niligundua kasoro katika kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Mtu yeyote mwenye nia mbaya angeweza kugandisha mashine nzima, hata ya hospitali. Lakini kila dawa niliyotuma, watunzaji wa kiini hicho waliirudisha. Nikaanza kukata tamaa.

Shida yenyewe ungeielewa upesi. Programu mbili zinahitaji kufuli mbili zile zile. Hii imeshika moja, ile imeshika nyingine, na kila moja inangoja mwenzake aachilie. Basi hapo ndipo kila kitu kinakwama.

Juzi tulikuwa na misa ya kukukumbuka. Ingokho, kuku wa wageni, ameiva, mvua ya alasiri imetufungia ndani, wageni wanameza mate. Jikoni Mama ameshika mwiko wako, naye Senje Rosa, binti yako, amekumbatia sufuria kubwa. Kila mmoja anataka kukusongea obusuma, ugali wa heshima, na hakuna anayetoa alichoshika. Wangekuwa pale hadi leo kama si Baba kupaza sauti kutoka sebuleni kwa maneno yako mwenyewe:

"Mwiko haushikwangi kabla ya sufuria!"

Mama akauweka chini, amenuna. Senje akasonga. Mimi nikabaki na sahani mkononi, nacheka huku nalia, maana dawa ilikuwa hiyo, Kukhu. Nilikuwa nikizilazimisha programu ziachilie kufuli, kumbe zilitaka utaratibu tu. Zote zianze na kufuli ile ile, na isiyoipata isiguse ya pili.

Nikarekebisha, nikatuma, wakakubali. Jamani, nilirukaruka hadi kuku wakakimbia.

Chini ya kazi hiyo niliandika jina lako, kwamba wazo ni la Trufosa wa Kakamega. Mtunzaji mmoja, mtu wa mbali huko, akaomba anwani yako ya barua pepe akushukuru. Nilitamani ungekuwepo. Nikamjibu kwamba barua zako zinapitia kwangu.

Basi nakufikishia. Anasema asante sana.

Pumzika vyema, Kukhu. Krismasi hii nitasonga mimi, na nakuahidi nitaanza na sufuria.

Mjukuu wako,
Nekesa