Mfalme wa Kopa Yuko Tumboni kwa Mwanangu

Shangazi Fortunata, shikamoo, nisaidie haraka kabla wenzangu hawajarudi, Shukuru wangu ametafuna karata sasa hivi, mfalme wa kopa, kichwa cha juu kimeshaenda tumboni kimebaki cha chini, na mabaki nimeyafunga kwenye pindo la khanga, nimekaa kama sijaona kitu. Sisi ni wanawake wanne, tunauza nguo za watoto hapa Mchikichini, belo la mitumba tunanunua pamoja, na zamani likifunguliwa tulikuwa tunavutana mpaka gauni linachanika, siku hizi tunacheza poka kwanza, karata tano tano, unabadilisha usizozitaka, mwenye karata nzuri ndiye anaanza kuchagua. Kaka yangu Tarsis ndiye aliniambia, dada usicheze kwa hisia, piga hesabu, ukiwa na kopa nne unatafuta ya tano, usizoziona ni arobaini na saba, kopa humo ni tisa, basi ni kama mara moja katika tano, na mimi wa darasa la saba, hesabu nilichapwa mpaka nikazichukia, lakini hii iliniingia Shangazi, nikajua lini ningoje na lini nitupe, wenzangu wao wanangoja ndoto, Severa akiota nyama basi siku hiyo anashikilia nyekundu zote.

Nikawa nashinda sana, ndipo yakaanza. Severa akaniuliza, "Mama Shukuru, mganga wako nani?" nikamjibu ni hesabu tu, akasema, "Huyo Hesabu anakaa Gerezani au Ilala?" Nikacheka, kumbe mwenzangu hatanii! Sasa wanasema chuma ulete, uchawi wa kuwavutia mali yao kwangu, ni mwanangu, kwa sababu anakaa mapajani nikicheza, hawambebi tena, na Severa ndiye aliyemfundisha kutembea kwenye haya mafurushi, leo mtoto akimnyooshea mikono anajifanya anakunja suruali, hapo ndipo naumia. Na mfalme hayupo, najua mimi peke yangu, nikinyamaza nitashinda, nikisema watasema jini limekula karata, sasa Shangazi, ninyamaze leo tu halafu kesho, haya Severa ananiita, "Mama Shukuru, belo limefika, lete karata!" ngoja kwanza ni

*

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako wa simu umekatika, ila umeshajisema vya kutosha.

Kwanza mtoto. Mpe maji, mwangalie. Akikohoa sana au akitapika, mbio zahanati, usiniandikie mimi. La sivyo mfalme atatoka mwenyewe, bila taji.

Sasa wewe. Kupiga hesabu si uchawi, na aliyesema ni uchawi mwambie aje kwangu. Lakini hicho ulichofunga kwenye khanga si hesabu, ni wizi! Kopa za kungoja sasa ni nane katika arobaini na sita, karibu mara moja katika sita, na wenzako wanamngoja mtu aliye tumboni. Chuma ulete leo ni wewe, mama.

Halafu unasema "ni hesabu tu," bila kuwaonyesha inavyopigwa. Hata waganga hujibu hivyo hivyo! Severa angejuaje?

Weka hicho kipande mbele yao, na alama za meno ya Shukuru zionekane, kabla karata hazijagawiwa. Nunueni karata mpya. Kisha chukua vifungo, vyekundu tisa ndizo kopa, vyeupe thelathini na nane ndizo karata nyingine, tia kwenye kofia ya mtoto, Severa afumbe macho achomoe kimoja, arudishe, achomoe tena, mpaka achoke kutukana vyeupe. Ndoto zitamtoka.

Wakishaijua hesabu wote, utashinda mara moja katika nne, kama mwenzio yeyote. Mikono ya kumbeba Shukuru itakuwa minane. Sasa nenda, unaitwa.