Ifute Hiyo Video

Binti,

Chai iko kwenye chupa. Nyama iko kwenye friji, ikaange leo hii hii.

Muuza maziwa kanigongea asubuhi anacheka mpaka anashika ukuta. Kumbe jana ulinirekodi nikilia, ukanirusha mtandaoni: “Mwenye bucha alizwa na katuni ya tembo.” Mtaa mzima umeona kamasi zangu. Nimekuwa kichekesho chako?

~~Simu yako nimeichukua.~~ Simu iko juu ya kabati. Hasira sijamaliza.

Na sikumlilia mtoto wa tembo. Nilimlilia baba yake, alivyomsindikiza mwanawe, akarudi peke yake, akaendelea kumtengea chakula. Hilo hukuliona, ulikuwa bize kunirekodi.

Jumamosi nikikusindikiza stendi uende chuo, hiyo simu ikae begini.

Baba