Daraja Lisilotajika

Jarrampayi,
Kupitia Alice Springs.
14 Oktoba 2022

Mpendwa dada yangu Lorna,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. U hali gani huko Adelaide? Ule mkono wanaouchoma sindano za mashine umepungua uvimbe? Sisi tunajikongoja. Mama hana hamu ya kula. Bado yumo katika ukimya wa mjane, hasemi na mtu, anaongea kwa mikono tu.

Joto limeanza. Mbwa wako wa madoa amezaa tena, chini ya kitanda changu, nami sina hata nguvu za kumfukuza.

Sasa habari ya daraja, dada. Keti kwanza. Ulisikia kwamba serikali ilikubali kulijenga pale korongoni, ili lori la mashine za figo lipite hata mvua ikinyesha, nawe usafishiwe damu hapa hapa nyumbani. Jumatano alikuja binti wa ofisi ya barabara kuchukua kauli yetu ya mwisho. Lakini unakumbuka liliombwa kwa jina la baba, alipokuwa hai, kwa kuwa ndiye aliyelipigania.

Basi binti wa watu akasimama ukumbini akalitaja jina zima la marehemu, kwa sauti ya mhubiri, akauliza kama daraja lake tunalitaka. Watu wote macho chini. Akadhani hatusikii, akalirudia kwa sauti kubwa zaidi! Mama akainuka kule nyuma, akanyoosha mkono, kiganja chini, akauvuta kifuani: njoo, njoo. Alikuwa anakuita wewe. Binti akaona anafukuzwa. Akakusanya karatasi zake, machozi yanamlenga.

Nikamkimbilia kwenye gari.

"Mwanangu, tunalitaka sana! Ila uliyemtaja amefariki, na sisi jina la marehemu hatulitamki."

"Jamani shangazi, mbona hamkuniambia?"

"Ungeuliza tu, 'Mnataka daraja?' Tungekupigia makofi mpaka mikono iume."

Si mtu mbaya. Alikwenda kutusemea kwa wakubwa wake, na jana akapiga simu. Hati zote zina jina lile, na hapa hakuna atakayeweka saini chini yake. Tukilibadilisha, maombi yanaanza upya, na fedha za mwaka huu zinakwenda kwingine. Tumelibadilisha. Sasa linaitwa Daraja la Nyumbani.

Mume wangu Japaljarri akasema, "Mzee alituchosha na daraja lake akiwa hai, na hata baada ya kufa hajaliachia." Nikampiga na kitambaa cha vyombo, lakini nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nimechoka, dada. Nasali, ila siku hizi nasinzia kabla ya Amina. Mvua zikija korongo litafurika, na msimu huu tena hutakuja. Sikuona njia ya kukuficha.

Nisalimie binti yako Nungarrayi na wajukuu. Mchungaji Silas anakuombea kila Jumapili. Bwana akushike mkono huo huo unaouma.

Nilimuuliza mama nikuandikie nini kutoka kwake. Alikuwa amekaa mlangoni, ameielekea barabara. Akanyoosha mkono, kiganja chini, akauvuta kifuani. Wewe huhitaji kufasiriwa.

Mdogo wako, ambaye kitanda chako hajakiondoa,
Dulcie