Mkono wa Shosho

Wacuka na Kinyanjui,

Githeri iko kwa sufuria, pasheni moto mle. Mbuzi wapewe maji. ~~Nikichelewa nipigieni.~~ Msinipigie, simu nimeiacha kwa kabati, sitaki hata kuiona.

Nampeleka shosho yenu hospitali huko Mukuyuni, mkono umevimba sana. Asubuhi aliniita mara tatu nimsaidie kushuka ngazi za jikoni. Nilimjibu "nakuja" bila kuinua macho. Nilikuwa naangalia video ya harusi ya watu nisiowajua. Akashuka peke yake, akaanguka.

Sasa tunangoja gari, na ananiambia, "Andika kwamba niliteleza tu, watoto wasikuone vibaya."

Siwezi kuandika hivyo. Aliniita, na nilimsikia.

Mama yenu