Barua ya Bibi Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Boston, Oktoba 1974

Dada Lavinia,

Baridi imeanza, na paka wako amenenepa.

Hii kazi ya kuandika historia ya kampuni ya uwekezaji inanichukiza. Nimekuta kwenye makabrasha kwamba mwaka 1929, wiki soko la hisa lilipoporomoka, mwanzilishi aliuza hisa zake zote Jumatatu, na Jumanne akawaandikia wajane waliomkabidhi akiba zao: "Msiuze, tulieni."

Nikamwonyesha mkurugenzi. Akacheka. "Si useme tu mzee aliona mbali? Acha ushamba, bwana!"

Kisha akachagua barua ya mjane mmoja ipambe ukurasa wa kwanza: "Nimetulia kama ulivyoniambia. Nakuamini."

Sahihi ni ya bibi yetu, Dada, yule aliyekufa akifulia watu nguo.

Kitabu kinachapwa Ijumaa. Jalada lina jina langu.

Nduguyo,
Winslow