Gari Lako Halijambo

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu za mdogo wako mwenye maneno mengi. U hali gani huko? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo meno yake ya mbele yameshaota? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Ningependa kuandika kwamba sote tu wazima, lakini nimeamua barua hii isiwe na uongo, kwa hiyo hilo naliruka kwanza, nitalirudia.

Mama amenikataza nisikuandikie haya. Anasema utahangaika bure ugenini. Mimi naona kuhangaika kidogo hakutakudhuru.

Nianze na gari, maana najua ndilo unalolingojea. Uliniagiza nichague seramiki, ile dawa ya kupaka gari kulinda rangi, nikazunguka gereji mpaka soli za viatu zikalia. Wa kwanza aliniambia dawa yake inadumu miaka tisa, na gari halitakwaruzika hata likipita kwenye miiba. Nikamwuliza kama hana ya kupaka watu. Wa pili alitaka kulivalisha gari zima plastiki, nikaona hilo sasa ni koti la mvua. Nikaishia kwa yule fundi wa rangi wa nyuma ya kituo cha mafuta, mnene, mtaratibu, anayepapasa magari kama mtu anayenunua ng'ombe. Yeye hakupamba. "Dada, hii ni ngozi nyembamba tu juu ya rangi. Jua haliifubazi upesi, na tope linatoka kwa urahisi. Lakini jiwe likirushwa litachubua, na ufunguo ukipita utachora." Nikamchagua kwa sababu hakuniahidi pepo.

Kazi aliifanya vizuri, sitamdhulumu mtu wa watu. Alilisugua gari kwa mashine ya polishi mpaka mikwaruzo ikaisha, maana ukipaka seramiki juu ya mikwaruzo umeifungia humo humo. Kisha akapaka kwa kisponji, kipande kwa kipande, akifuta kabla haijashika. Akatuambia lisiloe kwa wiki moja, mpaka dawa ikomae. Nikamwuliza, "Na mvua ikitukuta tuna safari?" Akacheka. "Mtakwenda safari yenu, mkirudi mtalifuta kwa kitambaa laini. Gari si yai."

Hayo nilikutumia kwa ujumbe wa sauti, neno kwa neno. Ukajibu kwamba fundi hana uchungu na mali ya mtu, na gari lisitoke. Mama alikuwa ameketi karibu yangu, akayasikia.

Kaka, gari hilo ulipolileta ulisema mbele yetu sote, "Hili ni la mama, la kumpeleka hospitali." Mama alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo hatujawahi kulipanda bila amri kutoka kwako: tusiingize mwavuli uliolowa, tusile ndani, tusiliegeshe chini ya nyaya wanapotua ndege. Shemeji yako amelipa jina la Mheshimiwa. Kila asubuhi anauliza, "Mheshimiwa ameamkaje?" kabla hajaniuliza mimi. Tulikuwa tunacheka.

Sasa hatucheki. Katika wiki ile ya kukomaa dawa ndipo ilipoangukia siku ya jicho la mama. Unajua alivyoingoja. Mtoto wa jicho amemziba pande zote mbili, siku hizi ananitambua kwa mwendo, na kikombe anakitafuta mezani kwa kupapasa. Hospitali walikuwa wamempa nafasi ya upasuaji baada ya kungoja tangu mwaka jana. Kulipokucha, mvua ilikuwa inamwagika kama imefunguliwa bomba.

Nililiwasha gari. Mama akasimama mlangoni na mkoba wake begani, akakataa kupanda.

"Mwanangu kasema lisiguse maji. Ita teksi."

"Mwanao hayupo, mama."

"Kwa hiyo nimgeuke kwa sababu hayupo?"

Nilibembeleza, nikagomba, nikabembeleza tena. Unamjua mama akishasema. Nikazima injini.

Teksi za siku ya mvua unazijua, labda kama umezisahau. Niliyempata kwa simu alisema yuko njiani, kisha akazima simu. Wengine hata hawakupokea. Tukatoka kwa miguu kwenda barabara kubwa, mimi nimeshika mwavuli, yeye amenishika mimi. Pale kwenye mfuniko wa mtaro mbele ya duka la dawa mguu ukamteleza. Alianguka, akauangukia mkono wake wa kushoto, na mfupa wa kifundo ukavunjika. Niliusikia ukivunjika.

Hospitali tulifika, ila si kwa ajili ya jicho. Wakamfunga plasta kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, na nafasi yake akapewa mgonjwa mwingine. Daktari anasema mkono upone kwanza, ndipo wapange siku nyingine. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Kwetu siku ile maji ndiyo yalikuwa mazito. Nimekasirika, kaka, na sifichi.

Hayo yote hukuambiwa kwa sababu mama alituapisha tusikuambie. Ndiyo maana wiki iliyofuata ukaniandikia kwa furaha, ukataka video ya maji yakimwagwa kwenye boneti, uone yanavyokimbia. Mimi sikuwa na hamu hata ya kulitazama gari. Mama ndiye aliyeomba jagi. "Nipe mimi nimwage, moyo wake utulie." Nikashika simu, nikapiga boneti na mikono yake tu. Akamwaga kwa mkono mzima, ule wa plasta akauegemeza kwenye boneti asije akaanguka tena. Maji yalijikusanya matone matone, yakateleza yote, na kusema kweli yanapendeza. Akaniuliza, "Linang'aa?" Maana yeye haoni. Nikamwambia linang'aa.

Jibu lako ninalo hadi leo kwenye simu. "Safi sana! Yanakimbia hasa! Ila mwambie huyo anayemwaga asiegemeze hilo dude jeupe kwenye boneti, litachora rangi."

Mama alisikia simu ikilia, akataka kujua umesemaje. Nikamwambia umesema ahsante. Akatabasamu, akaniomba nimkaushie gauni, lilikuwa limelowa.

Huyo anayemwaga ni mama yako. Uliuona mkono uliokulea, ukaionea huruma rangi. Hukuuliza hata ni nani.

Nyumba njema si mlango, nadhani hilo halihitaji maelezo. Sikuandikii ili ulie, wala ili utume zawadi. Siku mpya ya jicho itatoka, na mimi niko tayari kumpeleka na gari hilo hata ikinyesha mawe, lakini mama hapandi. Maneno yangu hayamwingii kabisa. Anasubiri la kwako. Basi mpigie yeye, usinipigie mimi. Umwambie kwa mdomo wako kwamba gari ni lake, kwa mvua na kwa tope, na likichubuka lichubuke. Ukiona hilo ni zito kulisema, nijulishe mapema, nilifunike turubai moja kwa moja nimtafutie mama usafiri mwingine. Macho yake hayana muda wa kungoja rangi ikomae.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu, anasema umekuwa adimu. Shemeji yako naye anakusalimu, pamoja na Mheshimiwa. Mungu akuepushe na mabaya ya huko, akuhifadhie kazi yako, na akupe macho ya kuona mbali.

Mama amesimama mlangoni sasa hivi, anadhani naandika habari za kawaida. Anasema nikuandikie kwamba yeye ni mzima wa afya, usiwe na wasiwasi, na kwamba gari lako halijambo.

Wako akupendaye, leo kwa taabu,
Mdogo wako.